Fohendi ya tenisi: kifundo cha mkono kiwekwe mapema au kiachwe kilegee?

Kuhusu kifundo cha mkono, makocha wa tenisi hutoa maagizo mawili yanayogongana. Mmoja atakwambia, "Shikilia kifundo, kisitikisike." Mwingine atakwambia, "Legeza mkono, iache raketi iende." Anayejifunza hubaki katikati: leo kakaza, kesho kalegeza, na fohendi yake (pigo la upande wa mkono unaoshika raketi) haitulii mwaka mzima. Wote wawili wana hoja ya kweli, ila kila mmoja ana mchezaji wake akilini. Ndiyo maana nimeziweka njia hizi mbili bega kwa bega, uone ipi inaendana na mwili wako, mshiko wako na aina ya mipira unayoletewa. Maelezo yote ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia; wa kushoto ageuze pande.

Mahali zinapokutana

Tafuta picha za mabingwa Roger Federer, Rafael Nadal na Novak Djokovic zilizopigwa mpira ukiwa bado kwenye nyuzi. Federer alishika raketi karibu na mshiko wa istani (majina ya mishiko nayaeleza mbele) na kuunyoosha mkono wote. Nadal naye aliunyoosha, lakini kwa mshiko wa semi-westani. Djokovic hupiga kiwiko kikiwa kimekunjika. Kwa juujuu hawafanani. Sasa tazama kifundo peke yake: kwa wote watatu kimelala nyuma, yaani mgongo wa kiganja umeinama kuelekea kigasha, ile sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Hakijanyooka, wala hakijakunjwa kwa ndani. Kunyooka huja mpira ukishaondoka.

Mpira hukaa kwenye nyuzi milisekunde 4 au 5 tu. Binadamu, hata awe mwepesi kiasi gani, huhitaji zaidi ya milisekunde 100 ili jicho lione na msuli uitikie. Kwa hiyo hakuna anayerekebisha kifundo wakati wa mgongano. Pembe kiliyofika nayo ndiyo inayopiga. Na kosa dogo lina bei yake. Mpira unaosafiri mita 20 ukipotoka kwa digrii moja, unatua kama sentimita 35 kando ya pale ulipolenga. Kifundo kikiyumba digrii tano, umepotea kwa zaidi ya mita moja na nusu, na hapo umeshatoka nje ya mstari.

Kwa hiyo tusibishane kuhusu kifundo kiwe wapi mpira unapogongwa. Jibu la hilo ni moja. Kinachozitofautisha njia hizi ni namna kinavyofika pale: unakiweka wewe mapema, au kinapelekwa na mzunguko wa mwili pamoja na uzito wa raketi.

Njia ya kwanza: kukiweka mapema

Unapogeuza mabega kujiandaa, unakilaza kifundo nyuma hapo hapo, kiganja kikae kama cha mtu anayesukuma mlango. Kuanzia hapo mkono unakwenda mbele na pembe ile ile haibadiliki mpaka mpira uondoke. Vidole vinashika mpini kwa kiasi, bila kuunyonga.

Njia hii ilitawala enzi za raketi za mbao, na haikuwa kwa ushamba. Kichwa cha raketi ya mbao kilikuwa na eneo la kama sentimita za mraba 420, wakati za leo nyingi zinazidi 600. Mpira uliogonga pembeni kidogo ya katikati uliizungusha raketi mkononi, na kifundo kilicholegea kilikuwa hasara tupu. Bingwa wa zamani Chris Evert alikulia kwenye fohendi ya namna hiyo, tulivu, iliyonyooka, inayorudi mahali pale pale mpira baada ya mpira, na akamaliza na mataji 18 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, ya mmoja mmoja.

Uzuri wake ni kwamba vitu vinavyosogea ni vichache. Ukichelewa kidogo, mpira unakwenda kulia kidogo, lakini bado unarudi uwanjani. Mpinzani akiachia sevu (pigo la kuanzisha pointi) ya kwanza yenye kasi, huna nafasi ya kuvuta raketi nyuma na kuizungusha; unageuza bega, kifundo tayari kimelala, unasukuma mbele na kasi ya sevu inafanya kazi iliyobaki. Kwenye nyasi, ambako mpira haudundi juu, ni hivyo hivyo. Na anayeanza anaweza kuipata ndani ya vipindi vichache, maana kocha anaweza kuuona na kuurekebisha mkono uliotulia. Uliolegea ni vigumu kuusoma.

Udhaifu wake unaanzia kwenye kasi. Raketi iliyofungwa pembe moja na kigasha inakwenda kwa kasi ya mkono, haiwezi kuupita. Ukitaka mpira mzito wenye topspini nyingi, yaani unaozunguka kwa mbele na kushuka haraka, njia hii inakufikisha nusu ya safari tu.

Kuna tatizo jingine ambalo ni baya zaidi, na hutokana na namna agizo linavyosikika. Kocha anasema "weka", mchezaji anasikia "kaza". Akikaza, misuli ya juu ya kigasha na ya chini yake inavutana yenyewe kwa yenyewe, bega linapanda karibu na sikio, na raketi inaburuzwa badala ya kuruka. Misuli inayokilaza kifundo nyuma ndiyo ile ile iliyojishikiza upande wa nje wa kiwiko, pale pale panapouma kwa wenye ugonjwa maarufu wa kiwiko cha tenisi. Ukikishikilia kifundo kwa nguvu zako zote saa mbili mfululizo, kiwiko ndicho kitakachotoa taarifa. Kwa hiyo anayechagua njia ya kwanza ajue anachagua kifundo kilichotulia kwenye pembe. Ngumi iliyobana haimo kwenye makubaliano.

Njia ya pili: kukiacha kilegee

Hapa inafaa tuitazame kwa karibu, polepole, kana kwamba tunaona video iliyopunguzwa kasi.

Mabega yamegeuka, raketi iko nyuma, kifundo kimetulia bila kulazimishwa upande wowote. Mguu wa nyuma unasukuma ardhi na nyonga zinaanza kuzunguka kuelekea wavuni wakati raketi bado iko nyuma. Kiwiliwili kinafuata, kinaliburuta bega, bega linauvuta mkono. Mkono unaanza kwenda mbele, lakini kichwa cha raketi, chenye uzito wake mbali na kiganja, kinabaki. Kitako cha mpini kinaelekea kwenye mpira unaokuja, na kifundo kinajikunja nyuma bila mtu kukiamuru. Misuli ya ndani ya kigasha inanyooshwa ghafla, na msuli ulionyooshwa ghafla hurudi kwa nguvu kuliko ulioanza umepoa. Kisha mkono unapunguza mwendo, kichwa cha raketi kinaanza kuufikia. Mkono wa juu unazunguka kwa ndani kutoka begani, kigasha nacho kinageuka, na uso wa raketi unapanda ukiupangusa mpira nyuma yake. Hapo ndipo topspini inapozaliwa. Raketi inamalizia upande wa kushoto, kiwiko kikiwa kimeinuka.

Ona basi kwamba katika mlolongo wote huo kifundo hakijafanya kazi ya kuanzisha chochote. Kimepitisha tu. Na hapa ndipo wachezaji wengi wa klabu wanapojidanganya. Wanaona kwenye televisheni raketi ikibaki nyuma, wanakwenda uwanjani na kuitikisa kwa makusudi: wanakivunja kifundo nyuma, halafu wanakirusha mbele, huku nyonga zimesimama kama nguzo. Ulegevu bila mwili unaozunguka ni udhaifu mtupu. Raketi inabaki nyuma kwa sababu kuna kitu kinachouvuta mpini mbele. Ondoa kinachovuta, na hakuna sababu yoyote ya kulegeza. Kama miguu na nyonga zako hazijajifunza kuanzisha pigo, njia ya pili haijawa yako bado, hata ukiitamani.

Ikishakaa vizuri, faida yake huwezi kuikosa. Kasi ya kichwa cha raketi inaongezeka huku mkono ukihisi umefanya kazi ndogo. Topspini inakuruhusu kuupitisha mpira juu ya wavu kwa nafasi ya kutosha na bado ukashuka kabla ya mstari wa nyuma. Wavu una sentimita 91.4 tu katikati, lakini mpira unaopita juu yake kwa mita nzima ni salama zaidi kuliko unaoukwangua, ilimradi una mzunguko wa kuushusha. Nyuzi za poliesta, ambazo zilianza kuvuma baada ya Mbrazili Gustavo Kuerten kushinda Roland Garros (mashindano ya wazi ya Ufaransa) mwaka 1997 akizitumia, zimeipa njia hii nguvu zaidi, kwa sababu mchezaji anaweza kuzungusha raketi kwa kasi na mpira ukabaki uwanjani.

Hasara yake ni muda. Mlolongo ule unahitaji nafasi, na mpira unaokuja haraka au unaodunda vibaya unaukata katikati. Ukiukata, kifundo kinakutwa bado kiko nyuma sana, uso wa raketi umefunguka, na mpira unaruka kulia na mbali. Tena siku ya mashindano, pointi zikikaza, mkono hukaza wenyewe. Anayetegemea ulegevu pekee hujikuta hana pa kurudi.

Njia ya tatu isiyofaa

Baadhi ya watu huja na kuchapa kwa kifundo: kukipeleka mbele kwa nguvu mpira unapogongwa. Mara nyingi wametoka kwenye badminton au tenisi ya meza, na ni tabia njema huko walikotoka. Kishada cha badminton, yaani kile kimpira chenye manyoya, kina kama gramu 5 na raketi yake haifiki gramu 100. Mpira wa tenisi ya meza una gramu 2.7. Mpira wa tenisi una gramu 56 hadi 59.4, na raketi ni karibu gramu 300 kabla hata ya kufungwa nyuzi. Misuli midogo ya kifundo haiwezi kuamuru uzito huo kwa kasi hiyo na bado ikaulinda uso wa raketi. Pigo moja litang'ara, matatu yatakwenda kwenye uzio. Mtu wa namna hii namshauri aanze na njia ya kwanza bila kujali kipaji chake, mpaka kile kichapo kipoe. Kipaji hakitapotea.

Kubana mpini kiasi gani

Makocha wengi hutumia kipimo cha 1 hadi 10, ambapo 10 ni kuubana mpini mpaka vidole viwe vyeupe. Kwa njia ya pili, 3 au 4 wakati wa kuandaa inatosha. Kwa njia ya kwanza mimi huona 5 ni sawa. Mpira unapokaribia, mkono hubana kidogo wenyewe kwa sababu raketi inauvuta, usiuagize, utachelewa.

Watu wengi huogopa kwamba wakishika kwa ulegevu mpira utakosa nguvu. Fizikia inasema vingine. Howard Brody, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliyeichunguza raketi kwa miaka mingi, alieleza kwamba mpira uliogonga katikati ya nyuzi huwa umeshaondoka kabla mkono haujaweza kuubadilisha. Wakati wa mgongano raketi hutenda karibu kama kitu kilichoachwa huru hewani. Kubana sana kunakusaidia kidogo kwa mipira iliyogonga pembeni, na kunakugharimu kasi kwa mingine yote.

Zaidi ya kiasi cha kubana, angalia vidole gani vinabana. Wanaokaza hovyo hubana kwa dole gumba na kidole cha shahada, na hapo kigasha chote kinajifunga. Shikilia zaidi kwa vidole vitatu vya mwisho, viwili vya mbele viwe vya kuongoza tu. Mara nyingi marekebisho haya peke yake yanalegeza bega ambalo maneno mia yameshindwa kulilegeza.

Mshiko wako unapendelea ipi

Mpini una pande nane. Simamisha raketi kwa ukingo, upande wa juu uwe wa kwanza, uhesabu kuelekea kulia. Fundo la chini la kidole cha shahada likikaa upande wa 2, huo ni kontinentali. Wa 3, istani. Wa 4, semi-westani. Wa 5, westani.

Kontinentali iache kwa sevu, voli (kupiga mpira kabla haujadunda) na slaisi (kuukata mpira kwa chini). Kwa fohendi ya kawaida inaufungua uso wa raketi na kukilazimisha kifundo kufanya usanii ambao njia zote mbili zinaukataa.

Istani inakubali zote. Juan Martín del Potro alikuwa na mshiko unaoegemea huko alipoishinda US Open ya 2009 kwa fohendi kali iliyonyooka. Kama ndio mshiko wako na unapenda mpira bapa, usiozunguka sana, njia ya kwanza itakuchukua mbali, na unaweza kuingiza ulegevu kidogo kidogo.

Semi-westani ndio mshiko wa wengi leo, na njia ya pili inaukaa kama nguo ya kipimo. Mpira unakutana nao mbele zaidi ya mwili na juu kidogo. Westani unausogeza mbele na juu zaidi. Ni mtamu kwa mpira wa kifuani, mgumu kwa mpira wa chini, na anayeushika akiwa amekaza hana njia ya kuokoa mpira wa magotini.

Zingatia pia unakopeleka mpira. Ukiupeleka kwa mshazari, unaukuta mapema na kifundo kimenyooka kidogo zaidi. Ukiupeleka sambamba na mstari wa pembeni, unaukuta nyuma kidogo na kifundo kimelala zaidi. Ukishaweka kifundo mapema, unabadilisha mwelekeo kwa miguu na mabega. Kikiwa kimelegea, mengi yanabadilishwa na wakati unaoukuta mpira. Kwa anayeanza, la kwanza ni rahisi kuliko la pili.

Maumivu

Uchunguzi wa wachezaji wasio wa kulipwa umeonyesha kwamba mshiko na mahali pa jeraha la kifundo vinahusiana: wenye istani huumia zaidi upande wa dole gumba, wenye semi-westani na westani huumia zaidi upande wa kidole cha mwisho. Upande huo wa kidole cha mwisho una kano na gegedu ambazo kupona kwake ni kwa polepole. Del Potro alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha kulia mwaka 2010 na baadaye wa kushoto zaidi ya mara moja. Dominic Thiem, bingwa wa US Open 2020, aliumia kifundo cha kulia mwaka 2021 na hakurudi tena kwenye kiwango chake. Kama kifundo kinauma upande wa kidole cha mwisho unapogeuza ufunguo au kufungua kifuniko cha chupa, acha kujifunza njia ya pili kwa sasa na umwone daktari. Kama kinachouma ni kiwiko upande wa nje, angalia kwanza unavyobana mpini, kabla hujailaumu raketi.

Nichague ipi basi?

Umeanza mwaka huu: ya kwanza, kwa mshiko wa istani au semi-westani, mpaka uweze kupiga mipira ishirini mfululizo ikaingia. Usiione kuwa ni ya kitoto. Inakujengea mahali pa kurudi siku mkono utakapogoma.

Unacheza miaka kadhaa, mipira yako inaingia lakini ni mifupi na myepesi, na jioni kigasha kinachoka: wewe ni wa njia ya pili, na pengine umeichelewesha. Anza na nyonga. Tumia mipira ya kijani, ambayo ni polepole kwa asilimia 25 kuliko ya kawaida, au hata ya rangi ya chungwa iliyo polepole kwa nusu. Watu wazima huona aibu kuitumia, na ni bahati mbaya, maana inakupa ule muda ambao mlolongo unauhitaji.

Mipira yako ina nguvu lakini inatawanyika, huu kulia, huu kwenye uzio, huu wavuni: mkono wako umelegea bila mpangilio. Rudi kwenye ya kwanza kwa wiki chache, uutunze ulegevu wa vidole lakini pembe ya kifundo uiweke mapema.

Una umri mkubwa, au maungo yameshachoka: ya kwanza, na nyuzi laini, tena mwendo wa raketi uwe mfupi. Kwa mchezo wa wawili wawili, ambako sevu na voli zinakuja haraka, utaifurahia.

Mchezaji aliyekomaa anazo zote mbili. Anapokea sevu ya kwanza kwa njia ya kwanza, na mpira wa katikati ya uwanja uliokuja polepole anaufungulia kwa njia ya pili. Anachoangalia ni kimoja tu: mpira huu umenipa muda gani?

Kujipima kwa simu

Simu nyingi za sasa hurekodi fremu 240 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mpira unaonekana kwenye nyuzi katika fremu moja, pengine mbili. Weka simu upande wako wa kulia, usawa wa kiuno, upigiwe mipira kumi ya kawaida. Itafute ile fremu ya mgongano na utazame kifundo: kimelala nyuma au kimeshanyooka? Kama kimenyooka, unachapa, hata kama unaamini umelegeza. Rudi nyuma fremu 15 hadi 20. Nyonga zimeanza kuzunguka na kitako cha mpini kinaelekea mpira? Basi ulegevu wako una kinachouvuta. Nyonga bado zimeelekea pembeni na raketi tayari iko mbele? Mkono unafanya kazi peke yake, na kwa wiki hizi mazoezi yako yawe ya miguu. Mwishoni tazama uso wako na bega la kulia katika fremu hizo hizo: taya zilizobana na bega lililopanda huonekana kabla ya kifundo kilichokaza, na ni rahisi zaidi kuvirekebisha. Pumua nje unapopiga, kisha urekodi mingine kumi uilinganishe.